Magari ya Kale na Kivuli cha Kiboko

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara, akishaipita Makindu, haendi mbali kabla ya kuona nchi ikibadilika sura. Nyika aliyoandamana nayo tangu Taru, kavu na yenye miiba, hupisha ghafla migunga mirefu yenye magome ya manjano, na chini yake kivuli kizito na harufu ya maji. Hapo ndipo Kiboko, katika kaunti ya Makueni. Maji yake ni ya chemchemi. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu huzama ndani ya mawe ya volkano, ikatembea chini kwa chini, kisha ikatokeza miguuni mwa vilima ikiwa safi na baridi. Vilima hivyo hivyo ndivyo viilishavyo Mzima, na maji ya Mzima huja Mombasa kwa bomba. Kwa hivyo mtu wa Pwani anaposimama Kiboko akanawa uso, hajafika ugenini kabisa.

Kiboko hakuna maonyesho ya magari, na msomaji asije akafunga safari kwa kuyatafuta. Hata hivyo tunaanza hapa, kwa sababu familia nyingi siku hizi zinapenda kujua ni wapi mtu anaweza kuyaona magari ya zamani yakiwa yametunzwa na kung'arishwa, pamoja na ile hali ya zama zake: viti vya ngozi, usukani mwembamba, redio yenye kitufe cha kuzungusha. Jibu lina sehemu mbili. Magari yenyewe yako Nairobi, na mara chache hushuka hadi kwetu Pwani. Ama zama zenyewe, zilizobaki zimetawanyika njiani, na sehemu yake kubwa imo Kiboko.

Tuanze na Nairobi. Onyesho kubwa kuliko yote katika nchi yetu ni lile liitwalo Concours d'Elegance, ambalo chama cha wenye magari ya Alfa Romeo nchini Kenya kimekuwa kikiliandaa tangu mwaka 1970. Kwa miaka mingi limefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa barabara ya Ngong, kwa kawaida Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Septemba. Jina la uwanja lisimtie mtu wasiwasi. Siku hiyo kinachoshindaniwa ni usafi na utunzaji wa magari na pikipiki. Waamuzi huanza na rangi ya nje, wakaingia ndani, wakafungua buti, wakatazama injini, kisha gari hupandishwa kwenye jukwaa la chuma wapate kuliona tumbo. Hapo ndipo wengi hupoteza pointi. Mtu aliyelipaka gari rangi mpya akasahau kupangusa matope chini yake hufedheheka mbele ya umati, na nakiri kwamba kwangu mimi sehemu hiyo ndiyo tamu kuliko zote.

Upo mkusanyiko wa pili, nao hutembea. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kutokana nayo ikazaliwa Safari Rally, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ikifanyika wakati wa Pasaka. Ilipotimia miaka 50, yaani mwaka 2003, yakaanzishwa mashindano mengine kwa ajili ya magari ya kale peke yake, yaitwayo East African Safari Classic Rally. Kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili, na mara kadhaa yameanzia au kumalizikia ufukweni mwetu. Magari ni yale ya miaka ya 1960, 1970 na mwanzo wa 1980, nayo hukimbizwa kwenye vumbi kama yalivyokimbizwa ujanani mwayo. Mwenye kutaka kuona gari la kale likiwa hai atayapenda haya zaidi kuliko maonyesho ya uwanjani, kwani huko Nairobi gari huegeshwa kama bibi arusi, na hapa huja likiwa na tope hadi kwenye kioo.

Akina mama wasidhani kuwa historia hii ni ya wanaume watupu. Mwaka 1962 wanawake wawili kutoka Uingereza, Pat Moss na Ann Riley, walishika nafasi ya tatu katika Safari wakiwa na gari dogo la Saab. Mwaka 1974 Orie Rogo Manduli wa Kenya aliingia mashindanoni, akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1983 Mfaransa Michèle Mouton naye akamaliza wa tatu. Ugumu wenyewe ulikuwaje, mwaka 1963 unatosha kuwa shahidi: yalianza magari 84, yakafika mwisho magari 7. La kwanza lilikuwa Peugeot 404.

Na hiyo Peugeot ndiyo inayoturudisha barabarani. Kwa nini gari hilo, na ndugu yake 504 aliyemfuata mwaka 1968, yalipendwa mno kwetu? Si kwa uzuri wa sura. Yalikuwa na springi laini zilizomeza mashimo, tumbo lililoinuka juu ya mawe, na injini ambayo fundi wa kijijini aliweza kuifungua kwa spana chache. Lile refu la familia lilikuwa na safu tatu za viti: baba mbele, akina mama na wakubwa katikati, watoto wakabanwa nyuma pamoja na mizigo. Peugeot 504 ziliunganishwa humu humu nchini hadi mwanzoni mwa karne hii. Nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu zina picha ya mtu aliyeegemea gari la namna hiyo, mkono kiunoni, kanzu imepigwa pasi.

Hadi miaka ya 1960 sehemu kubwa ya barabara ya Mombasa na Nairobi ilikuwa udongo mtupu. Kiangazi vumbi jekundu liliingia kila pahala, hata ndani ya chungu kilichofunikwa. Masika gari lilizama hadi ekseli. Safari ambayo leo basi huimaliza kwa mchana mmoja ilikuwa na hatua zake zenye kujulikana. Hatua ya kwanza kwa Waislamu wengi ilikuwa Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyefanya kazi katika ujenzi wa reli. Madereva husimama pale hadi leo, wengine kusali tu, wengine kuzuru. Hitilafu za wanazuoni juu ya ziara si maudhui yetu hapa. Tunataja tu kwamba hapo pamekuwa pahala pa kushukia tangu enzi za magari yanayozungumzwa. Kisha Voi, kisha Mtito Andei, nusu ya njia. Kisha Kibwezi na Makindu. Kisha Kiboko.

Kusimama Kiboko hakukuwa anasa. Kutoka baharini hadi Nairobi gari hupanda zaidi ya mita 1,600, na Kiboko pako chini kidogo ya mita 1,000. Yaani msafiri anapofika hapo ameshapanda zaidi ya nusu ya mlima wake, tena saa za jua kali. Magari ya zamani yalichemka. Rejeta ilitoa mvuke, na mjinga peke yake ndiye aliyekifungua kifuniko kabla hakijapoa, kwani maji yale yalimrukia usoni. Pampu ya petroli nayo ilikuwa imefungwa ubavuni mwa injini. Joto likizidi petroli iligeuka mvuke ndani ya bomba, gari likakohoa na kuzima. Dawa yake ilikuwa kitambaa kilichoroweshwa maji, kikazungushiwa pampu. Wangapi katika bibi zetu walitoa leso zao kwa kazi hiyo, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Maji ya kunywa yalichukuliwa katika mfuko wa turubai ulioning'inizwa mbele ya gari. Maji yalipenya kidogo kidogo kwenye nyuzi, upepo ukayakausha, na yaliyobaki ndani yakapoa. Ni hekima ile ile ya mtungi wa udongo uwekwao barazani. Ukiuona mfuko kama huo umetundikwa mbele ya gari kwenye maonyesho, waambie watoto kwamba si pambo. Bila huo watu wangekufa kiu kule Tsavo.

Hivyo Kiboko pakawa pahala pa kufungua boneti, kujaza rejeta, kutawadha, kusali adhuhuri na alasiri kwa kuqasiri, na kufungua kikapu. Mahamri ya asubuhi, mbaazi zilizokwisha kupoa, kachori, samaki wa kukaanga aliyefungwa kwenye karatasi, chai ya chupa. Mwenye kupenda hali ya zamani na aipate hivyo hivyo: atandike mkeka chini ya mgunga, afungue kikapu, azime simu. Hakuna tiketi.

Lakini tusiyapambe mambo kupita kiasi. Pale Kiboko pana hoteli ya zamani iitwayo Hunter's Lodge, yenye bwawa lililotokana na chemchemi. Jina hilo ni la J. A. Hunter, mwindaji kutoka Scotland, aliyekuja kutulia hapo miaka ya mwisho ya 1950 na kufariki mwaka 1963. Mtu huyo, kwa amri ya serikali ya kikoloni iliyotaka kufungua ardhi ya Makueni kwa makazi na kilimo, aliua vifaru karibu elfu moja kati ya mwaka 1944 na 1946. Leo mtoto anaweza kukaa kando ya bwawa lile siku nzima asione hata unyayo wa kifaru. Tena katika zama hizo hoteli nyingi za barabarani zilikuwa za Wazungu. Mtu wetu, awe na gari au asiwe nalo, alikula chini ya mti kwa sababu mezani hapakuwa na kiti chake. Basi mtu anaposema kwamba zamani palikuwa pazuri, ni haki kumuuliza: palikuwa pazuri kwa nani? Uzuri tuukumbukao sisi ni wa ndani ya gari, wa ndugu waliobanana na nyimbo za watoto na mama aliyegawa mahamri. Huo ni wetu na hatukuazima kwa mtu. Ule wa kofia za wawindaji na chai ya saa kumi kwenye nyasi si wetu, hata ukitengenezewa bango zuri namna gani.

Hata jina la mji ulio mbele ya Kiboko ukielekea Nairobi, Sultan Hamud, linatuhusu. Ni Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, na ambaye alikwenda kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa. Watoto wengi wa Pwani hupita pale mara kumi bila kuambiwa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalofanya maonyesho haya yawe na maana kwa familia zetu kuliko burudani ya Jumapili moja. Katika nyua nyingi za Pwani, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe au mkungu, lipo gari la marehemu. Tairi zimekwisha, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Siku moja anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, anatoa bei ya kilo, na mmoja wa vijana wa nyumba anapokea fedha. Mama hakuulizwa. Mabinti waliolewa mbali, hawakujua hata kwamba gari limeondoka.

Gari hilo ni sehemu ya mali aliyoiacha marehemu, sawasawa na shamba au nyumba. Baada ya kulipa madeni yake na kutekeleza wasia wake usiozidi thuluthi, kilichobaki ni haki ya warithi wote. Mjane ana thumuni yake ikiwa marehemu aliacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Binti ana fungu lake. Kwa kuwa gari haligawanyiki, ama huuzwa kwa bei ya haki na fedha zikagawanywa, ama mrithi mmoja huwalipa wenzake mafungu yao kwa ridhaa yao akabaki nalo. Likiingia ubishi, Mahakama ya Kadhi ipo, na Katiba ya mwaka 2010 imeipa mamlaka katika mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake.

Na bei ya haki ni ipi? Hapo ndipo onyesho linapokuwa darasa. Mtu aliyezunguka uwanjani akaona Volkswagen ya kobe, Morris Minor au Peugeot 404 imesimama katikati ya umati, akazungumza na mwenyewe na kusikia alivyohangaika kutafuta taa moja tu ya nyuma, hatakubali tena kuuza taa hiyo kwa uzito wa bati. Gari zima likiwa limekufa, vipande vyake bado vina watu wanaovitafuta: vioo, vishikio vya milango, saa za dashibodi, hata kile kibao kidogo cha jina. Kabla ya kuuza, tafuteni logbuku, piga picha za gari kila upande, ulizeni wapenzi wa magari ya kale wawili watatu, kisha ndipo mzungumze na mnunuzi. Warithi wote wawepo, au angalau wawe wamejulishwa.

Anayependa kulihifadhi ajue kwamba adui yake mkubwa ni bahari. Upepo wa chumvi hula bati kimya kimya, hasa chini ya mazulia, kwenye vizingiti vya milango na juu ya matairi. Usilifunike gari kwa nailoni, kwani unyevu hufungiwa ndani. Kitambaa kinachopitisha hewa ni bora. Fungua betri, mwaga petroli kuukuu, na lisukumwe kidogo mara kwa mara ili matairi yasikae upande mmoja. Ama kulifufua kabisa, hilo ni jambo la fedha nyingi na subira nyingi, na mwenye deni au mwenye watoto wanaodaiwa karo asiliguse kwanza. Gari la matumizi ya mtu mwenyewe halina zaka. Lakini anayenunua magari ya kale ili ayauze, huyo ni mfanyabiashara, na bidhaa yake ina hesabu yake ikitimia nisabu na mwaka.

Wako wanaouliza kama kulipamba gari namna hii si kujifaharisha. Surat an-Nahl, katika aya ya 8, inataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pia ni pambo, kwa hivyo pambo lenyewe si aibu. Aibu ni kutaka majirani wakuone mkubwa. Uwanjani Nairobi hutakosa kuwaona wa aina zote mbili, na watoto wenye akili huwatofautisha haraka kuliko sisi.

Kwa familia zinazokusudia kwenda, haya ni ya kuzingatia. Treni ya kisasa iliyoanza mwaka 2017 ni nyepesi kwa wazee, lakini haisimami Kiboko. Husimama Kibwezi na Emali. Anayetaka kuonja njia na aende kwa barabara, atoke Mombasa baada ya alfajiri, na asisafiri usiku, kwani malori ni mengi mno. Makindu pana hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Hakina nyama, kwa hivyo suala la kuchinja halipo. Vaa heshima, funika kichwa, na ukiweza acha sadaka ya kuwasaidia. Joginder Singh, aliyeshinda Safari mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa wa jamii hiyo, na vijana wanaojua majina ya madereva wa Ulaya peke yao hufurahi kusikia kwamba bingwa huyo alizaliwa Kericho. Uwanjani, kama kwenye mikusanyiko yote mikubwa ya Nairobi, kutakuwa na muziki na vinywaji vya kila aina. Chagueni pa kukaa mapema, upande wa familia, na mpange zamu za sala.

Muhimu kuliko yote, mchukueni mzee. Babu au bibi anayesimama mbele ya gari alilowahi kulipanda huanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa: aliketi wapi, nani alitapika Maungu, nani alizaliwa mwezi ule. Waamuzi hawana pointi za hayo, nayo hayaandikwi popote. Mfundisheni mtoto pia kusoma namba za gari: zile zenye herufi tatu na tarakimu tu, bila herufi ya mwisho, ni za kabla ya mfululizo wa KAA, na nyingi zina umri kumzidi baba yake.

Mwenye picha ya gari la familia, hata kama imefifia, anaombwa aandike nyuma yake kwa penseli mwaka, njia iliyosafiriwa, na majina ya wote waliokaa ndani, wakiwemo akina mama walioko kiti cha nyuma ambao aghalabu hukatwa nusu na fremu, kisha atuletee nakala. Asitume ile ya asili.